Uta, Upote na Wano: Jinsi Mishale Inavyochaguliwa na Kulinganishwa katika Nchi za Meru na Eyasi

Katika vitabu vya kusomea watoto twaona picha ya uta na mshale, na chini yake maneno mawili tu. Mtoto wa mjini Arusha akiulizwa, Upote ni nini? hana jibu, na mwalimu wake aghalabu hana jibu pia. Mimi nami nilikuwa hivyo hata siku ile nilipoaibika mbele ya watu, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza na kuandika haya.

Shule niliyokuwa nikifundisha, chini ya mlima Meru, iliazimia kufanya mashindano ya kufuma shabaha siku ya wazazi. Nikashuka mjini nikanunua mata matatu na mishale kumi na minane, katika vile vitu vinavyouzwa kwa wageni wapitao. Nilichagua kwa macho: uta wenye shanga, mishale yenye manyoya mekundu na vigumba vinavyong'aa. Siku ilipofika, kijana hodari wa darasa la saba akapachika mshale wake wa tatu, akavuta, akaachia. Mshale haukwenda kwenye shabaha. Ulipinda kushoto, ukapita baina ya mabibi wawili waliokaa kwenye benchi, ukakita katika mgomba nyuma yao. Hakuna aliyeumia. Kijana akalaumiwa kuwa hakutulia, na mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza kumlaumu. Baadaye nilijua ya kuwa kosa halikuwa lake.

Kabla ya kueleza kosa lilikuwa wapi, yafaa niweke maneno sawasawa, kwa kuwa Kiswahili kina maneno mazuri ya kazi hii ambayo yanapotea kwa kukosa kusemwa. Mti uliopindwa ni uta, na wingi wake ni mata au nyuta. Kamba yake ni upote. Kijiti cha mshale ni wano, wingi mawano. Chuma cha mbele ni kigumba au chembe. Mfuko wa kuchukulia mishale ni podo, na wengine husema ziaka. Kuweka mkia wa mshale katika upote ni kupachika, na kumpata mnyama au shabaha kwa mshale ni kufuma. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani mshale wenyewe uliitwa pia mvi, neno ambalo leo watu hulijua kwa maana ya nywele nyeupe tu. Waarusha na Wamasai husema embae kwa mshale, na emootian kwa podo.

Wala mtu asidhani ya kuwa makabila yote ya huku yalitumia silaha hii kwa namna moja. Kwa Wamasai, na kwa Waarusha ambao lugha yao ni moja nao, silaha ya shujaa ilikuwa mkuki na sime. Uta ulikuwa na kazi zake ndogo, nazo nitazitaja hapa chini. Waliokuwa na elimu yenyewe ya uta ni wawindaji: Wandorobo wa misituni na nyikani, na hasa Wahadzabe wakaao kandokando ya ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, upande wa magharibi-kusini wa Arusha. Waandishi wa zamani waliwaita Wakindiga au Watindiga. Wao wenyewe hujiita Wahadzabe, na ni haki tuwaite kwa jina lao. Si watu wengi, wapata elfu moja na kitu, na si wote waishio kwa kuwinda na kuokota siku hizi. Na kwamba uta ni kitu cha kale sana katika nchi hii, shahidi ni michoro ya miambani ya Kolo, wilaya ya Kondoa, iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia: humo wamo watu waliochorwa wakishika mata.

Basi nilisafiri mpaka Mang'ola pamoja na mishale yangu iliyobaki, nikaonyeshwa mzee mmoja wa Kihadzabe mwenye sifa ya kuchonga. Baada ya kuamkiana aliipokea mishale, akaitazama kwa muda, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, hii ni mishale ya nani?"

Nikamjibu, "Ni yangu, mzee. Niliinunua mjini."

Akasema, "Sikuulizi fedha. Nauliza ni ya mtu gani. Ana mikono mirefu au mifupi? Uta wake ni mgumu au laini?"

Nikanyamaza. Naye akacheka kidogo, akasema, "Basi si mishale hii. Ni vijiti."

Swali lake ndilo msingi wa elimu yote hii. Mshale hauna uzuri peke yake. Uzuri wake ni kupatana na uta fulani, na uta kupatana na mwili wa mtu fulani. Kwa hiyo nitaanza na uta.

Uta wa Mhadzabe ni mrefu, hukaribia kimo cha mwenyewe. Mti wake aghalabu ni ule wauitao mutateko, ambao wataalamu wa mimea huuita Dombeya kirkii. Wengine hutumia mkole. Hukatwa tawi lililonyooka lisilo na jicho wala kidonda, huambuliwa gamba, huchongwa kidogokidogo, hutiwa joto la moto na kupindwa polepole. Uzuri wa uta huonekana ukivutwa: mikono yake miwili, wa juu na wa chini, hupindika kwa kadiri moja. Mkono mmoja ukibaki mnyofu na mwingine ukijikunja, kazi yote imelemea upande mmoja, na siku moja utavunjika hapo. Fundi huuvuta, huutazama, hukwangua mahali palipo pagumu, huuvuta tena. Kamwe hakwangui mahali palipokwisha kulegea, maana mti uliopunguzwa haurudishwi.

Mata ya Wahadzabe yaliyopimwa na wataalamu yalihitaji nguvu ya kadiri ya ratili 70 kuvutwa, ndiyo kama kilo 32, na mengine yalikaribia ratili 100. Wanaume washindanao katika michezo ya Olimpiki huvuta ratili 45 hadi 50 au zaidi kidogo. Naandika hivi ili mwalimu asije akampa mtoto uta wa mtu mzima kwa kumheshimu. Mtoto avutaye uta unaomshinda hutetemeka, huachia kabla ya wakati, na mshale huenda popote. Watoto wa Kihadzabe huanza na mata madogo tangu wangali wadogo sana, na kila wakuapo hubadilishiwa uta.

Upote wao ni wa kano za wanyama, zilizosokotwa zikawa kamba moja. Kano ni imara, ila ina adui mmoja, nayo ni maji: ikilowa hulegea na kurefuka, kwa hiyo mwindaji mwenye akili hauachi uta wake mvuani. Urefu wa upote nao una maana kubwa kuliko nilivyodhani. Ukiusokota zaidi, hufupika, na nafasi iliyo kati ya upote na uta huzidi. Mshale hutoka kwa utulivu, lakini husukumwa kwa muda mfupi zaidi, basi nguvu hupungua kidogo. Ukiulegeza, nafasi hupungua, nguvu huongezeka, lakini upote huweza kumchapa mfumaji mkononi, na uta hulia kwa kishindo. Fundi hutafuta mahali pa katikati kwa kusikiliza. Mzee wa Mang'ola alinipa sikio langu kazi hiyo: aliachia mshale mara tatu, kila mara akiwa amesokota upote zaidi, na kweli mara ya tatu sauti ilikuwa kama ya mtu asemaye kwa chini.

Kuna jambo moja la kuonywa hapa. Usivute uta na kuachia upote pasipo mshale. Nguvu iliyokuwa ichukuliwe na mshale hurudi katika mti, na uta mzuri huweza kupasuka. Vijana wote wakishika uta hutaka kufanya hivyo, na uta mmoja katika yale matatu ya shule ulikufa kwa sababu hiyo hata kabla ya siku ya wazazi. Mshale ulio mwepesi mno huumiza uta kwa njia iyo hiyo, ingawa si upesi.

Sasa nafika kwenye wano, na hapa ndipo ilipo siri. Mtu akitazama mshale uliopachikwa ataona ya kuwa hauelekei barabara mbele. Hauwezi, kwa kuwa uta umekaa katikati ya njia yake. Mshale huegemea ubavuni mwa uta. Upote ukiachiwa, hukimbilia katikati ya uta na kuuvuta mkia wa mshale huko huko, hali kigumba kinatazama pembeni. Kwa hesabu ya kawaida kila mshale ungekwenda kombo. Mbona basi hufika? Kwa sababu wano hupindika. Upote hulisukuma kwa nyuma, uzito wa kigumba hulikawiza kwa mbele, nalo hujikunja likauzunguka uta, kisha hujikunja upande wa pili, likatikisika hivyo mpaka litulie njiani. Jambo hili lilibishaniwa zamani na wapenzi wa uta wa Ulaya na Marekani, hata katika miaka ya 1930 Clarence Hickman wa Marekani alipopiga picha za upesi sana zikaonyesha wazi mshale ukijikunja kama nyoka. Wawindaji wetu hawakuhitaji picha. Wao hulikunja wano kwa vidole viwili vya gumba, wakajua.

Kwa hiyo ugumu wa wano lazima ulingane na nguvu ya uta. Mfumaji wa mkono wa kulia auwekaye mshale upande wa kushoto wa uta, akiwa na wano gumu kupita kiasi, mshale wake utakwenda kushoto, maana haukujikunja vya kutosha kuuzunguka uta. Akiwa na wano laini kupita kiasi utakwenda kulia, na huenda mkia ukagonga uta unapopita. Tazama basi yule kijana wangu: mshale wake ulikuwa mnene kama fimbo ya mchungaji, na uta wake ulikuwa laini, wa kuuzia wageni. Ulikwenda kushoto kwa haki yake. Hata angalitulia kama jiwe, ungalikwenda kushoto.

Dawa zipo, na hakuna iliyo ngumu. Wano gumu hukwanguliwa likawa jembamba, au hutiwa kigumba kizito zaidi, kwa kuwa uzito wa mbele hulifanya lijikunje zaidi. Au huachwa refu. Wano laini hukatwa likafupika kidogo, au hupunguziwa uzito wa mbele. Lakini kukata kuna mpaka: mshale ukiwa mfupi kuliko mvuto wa mwenyewe, kigumba hurudi nyuma ya uta na kuweza kuutoboa mkono uushikao. Ndiyo sababu yule mzee aliniuliza urefu wa mikono kabla ya neno lo lote.

Mti wa mawano katika nchi kavu za huku mara nyingi ni mkole, ambao watoto huujua kwa matunda yake madogo matamu. Huchaguliwa vijiti vilivyoota wima kivulini, kwa sababu vina mafundo machache. Huambuliwa, hukaushwa, hupashwa moto, na palipopinda huumwa kwa meno na kunyooshwa hali pana joto. Nilipojaribu mimi nilivunja viwili na jino likaniuma siku mbili. Kisha fundi hulishika wano jichoni kama mtu alengaye, hulizungusha polepole, na popote lipindapo hulirudisha motoni. Mshale uliokaa siku nyingi katika podo huweza kupinda tena, kwa hiyo mwindaji hupitisha mishale yake jichoni karibu kila siku. Waliokwisha kukaa nao wamesimulia kwamba jioni kambini kazi ya mikono ya wanaume ni hiyo: kunyoosha na kunoa.

Manyoya ni ya tai au kanga. Kazi yake si kupamba. Hushika upepo ili mkia ubaki nyuma na kigumba kibaki mbele. Unyoya wa bawa la kulia umejipinda upande mmoja, na wa bawa la kushoto upande mwingine. Katika mshale mmoja yote yatoke bawa la upande mmoja, ili mshale uzunguke njia moja kama keekee. Yale manyoya mekundu niliyoyapenda yalikuwa yamechanganywa, tena yalikuwa ya kuku, yaliyopakwa rangi. Manyoya makubwa hutuliza mshale upesi, lakini huukawiza pia. Kwa hiyo mshale wenye kigumba kipana na kizito huhitaji manyoya makubwa, na ule mwepesi wa ndege hutosheka na madogo.

Kwa vigumba, Wahadzabe wana mishale ya namna tatu. Kuna ule usio na chuma, wa mti mtupu uliochongoka, kwa ndege na wanyama wadogo. Kuna wenye chuma kipana chenye makali pande mbili. Na kuna ule wa sumu. Chuma hupatikana kwa misumari mirefu ambayo huigonga baridi juu ya jiwe mpaka ikawa bapa, au hupatikana kwa wahunzi wa Kidatoga, ambao tangu zamani hubadilishana nao vigumba kwa nyama na asali.

Habari ya sumu nitaipitia upesi, wala sitaandika namna ya kuipika. Wahadzabe wanazo mbili: panjube, itokayo katika mti mnene wa maua ya waridi uotao kwenye mawe, na shanjo, itokayo katika mbegu za Strophanthus eminii, mmea ulioitwa hivyo kwa jina la Emin Pasha. Wandorobo na Wamasai hutumia mti ambao katika Kiswahili ni msunguti, na kwa Kimasai olmorijoi. Wagiriama wa pwani ya Kenya huiita sumu ya mishale utsungu, na neno hilo ndilo ndugu wa uchungu wetu. Mwalimu wa lugha hapa ana somo zuri bila gharama. Sumu hizi zote huushika moyo. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alipokuwa katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi kati ya miaka 1858 na 1863, aliona mapigo ya moyo wake yakibadilika baada ya mswaki wake kuguswa na sumu ya namna hiyo. Na kutoka katika mbegu za Strophanthus Thomas Fraser wa Edinburgh akatoa dawa ya moyo ambayo waganga waliitumia miaka mingi. Mshale wa sumu hufungwa ukanda mwembamba wa ngozi mahali palipopakwa, ili sumu isikauke na ili mwenyewe asijikwaruze. Mwalimu akiona mshale wa zamani uliofungwa hivyo katika nyumba ya mzee ye yote, asiufungue wala kuupeleka darasani. Sumu ya namna hii huweza kudumu miaka mingi.

Nilisema kwamba Waarusha na Wamasai wana kazi zao za uta. Ya kwanza ni ya vijana waliotahiriwa karibuni, ambao huwafuma ndege wadogo kwa mishale butu, ili manyoya yasiharibike, wakawavaa kichwani. Ya pili ndiyo inayofundisha zaidi juu ya kulinganisha. Ng'ombe hutolewa damu pasipo kuuawa: hufungwa ukanda shingoni mpaka mshipa mkubwa ukavimba, kisha mtu aliye karibu sana huufuma kwa uta mdogo. Kigumba cha mshale huo ni kifupi, na nyuma yake kuna kipande cha mti kilichozungushwa, ili usiingie zaidi ya unene wa ngozi na ukuta wa mshipa. Damu ikishakingwa, ukanda hufunguliwa, na kidonda huzibwa. Uta huo ukiwa na nguvu zaidi, hata kizuizi kile hakitoshi. Ukiwa na nguvu pungufu, mshale hudunda na ng'ombe huruka. Hapa twaona ya kuwa kuchagua uta si kutafuta ulio na nguvu nyingi, bali ulio na nguvu ya kazi yake.

Kuwinda kwenyewe kumepungukiwa na mahali. Nyika iliyozunguka kreta ya Ngurdoto ilifanywa hifadhi mwaka 1960, na mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967, nayo ikaitwa Hifadhi ya Arusha. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila kibali. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000, na bila ardhi hiyo sioni mikole hiyo ingekatwa na nani. Kwa walimu wa Meru imebaki shabaha ya majani makavu, na hiyo yatosha, ila iwekwe mbele ya ukingo wa udongo, na watu wote wakae nyuma ya mfumaji.

Mwalimu atakayejaribu na afanye hivi. Asimame karibu na shabaha, hatua nane hivi, afume mishale mitatu ile ile mara nyingi, bila kubadili kitu. Ikienda yote upande mmoja pamoja, ni ugumu wa mawano. Ikiingia huku mkia umeinuka au umeinama, ni mahali pa kupachika. Na apafunge uzi mdogo kwenye upote, akipandisha au kushusha mpaka mshale uingie mnyofu. Ikitawanyika kila upande, ajichunguze mwenyewe kwanza, kisha apime uzito wa mishale yake, maana huenda haifanani. Abadili jambo moja tu kwa mara moja, vinginevyo hatajua ni lipi lililomponya.

Niliporudi kutoka Mang'ola niliipanga ile mishale iliyobaki kwa kuikunja na kuipima kwa mizani ya dukani. Katika kumi na mmoja, minne ilifanana. Niliikwangua miwili iliyokuwa migumu, nikaipa manyoya ya kanga. Kisha nikamtafuta yule kijana, ambaye sasa alikuwa amekwisha kumaliza shule na alikuwa akisaidia katika gereji karibu na Tengeru, nikamwambia mbele ya wenzake ya kuwa mshale ule ulikuwa mbaya na ya kuwa mimi ndiye niliyeuchagua. Akaupokea mmoja katika ile niliyoitengeneza, akaupitisha jichoni, akauzungusha. "Huu bado umepinda hapa mwisho, Mwalimu," akasema. Nikautazama, na kweli ulikuwa umepinda.